Shingo Iliyokataa Kuwa Springi

Mwaka 1892, katika hospitali ya Salpêtrière jijini Paris, wagonjwa wanaotetemeka walikalishwa kwenye kiti kinachotetemeka. Daktari Jean-Martin Charcot, bingwa wa magonjwa ya mishipa ya fahamu ambaye sifa zake zilikuwa zimeenea Ulaya nzima, alikuwa amesikia jambo la ajabu kutoka kwa wagonjwa wake wa Parkinson. Waliosafiri mwendo mrefu kwa treni au kwa gari la farasi walimwambia kwamba walishuka wakiwa na nafuu. Charcot akaagiza kitengenezwe kiti cha kuiga mtikisiko wa behewa. Wagonjwa wakawa wanakikalia kama nusu saa kwa siku, wakiinuka wanasema viungo vimelegea na usiku wanapata usingizi. Georges Gilles de la Tourette, aliyekuwa mwanafunzi wake, akaenda mbele zaidi: akaunda kofia ya kutetemesha kichwa peke yake, kwa ajili ya wenye kipandauso na wenye huzuni isiyowatoka.

Charcot alifariki mwaka uliofuata, na kiti chake kikasahaulika. Mwaka 2012 madaktari wa Chicago walichapisha matokeo ya kulijaribu upya wazo hilo. Wagonjwa wengine walikalia kiti kilichotetemeka kikitoa na sauti, na wengine walikalia kiti kilekile kikitoa sauti tu. Makundi yote mawili yalipata nafuu, kwa hiyo sifa haikuweza kupewa mtetemo. Hata hivyo Salpêtrière iliacha swali ambalo limewashughulisha watu wengi kuliko tiba yenyewe. Mtikisiko unaoingia mwilini kwa makalio unafikaje kichwani, na shingo inafanya nini unapopita kwake?

Kichwa cha mtu mzima kina uzito wa kilo 4 hadi 5. Wajerumani wawili, Wilhelm Braune na Otto Fischer wa Leipzig, walikuwa wameshapima mambo haya kabla ya kiti cha Charcot kuundwa. Katika kazi yao ya 1889 waligandisha maiti kwa baridi kali, wakazipitisha vyuma vyembamba ili kutafuta mahali uzito unapokutania, kisha wakakata kiungo kimoja kimoja na kukipima peke yake. Ni kazi inayotia baridi kuisoma, lakini vipimo vyao vilitumika kwa vizazi. Tangu hapo ikajulikana kwamba kitovu cha uzito wa kichwa hakiko juu ya kiungo kinachokibeba. Kiko mbele yake kidogo, upande wa uso.

Anayetaka ushahidi amtazame abiria wa basi la usiku. Macho yakianza kuwa mazito, misuli ya ukosi inaachia, kidevu kinazama kifuani. Basi likipita kwenye rasta anashtuka, kichwa kinanyanyuka, na baada ya dakika moja kimezama tena. Akiwa macho, misuli hiyohiyo inakivuta kichwa nyuma muda wote bila yeye kuiamuru. Kuna jambo jingine ambalo abiria huyu analionyesha bila kujua. Basi linamrusha juu na chini, ila kichwa chake hakiendi juu na chini tu. Kinatikisika kama cha mtu anayeitikia ndiyo. Kwa kuwa uzito umekaa mbele ya kiungo, kila msukumo wa kutoka chini unageuka kuwa mwendo wa kuinamisha na kuinua uso. Wahandisi walichukua miongo kadhaa kulipa jambo hili uzito unaostahili.

Walioanza kumpima mtu mzima aliye hai walikuwa wanafikiria nyumba. Mwaka 1931 H. Reiher na F. J. Meister, watafiti wa Ujerumani, walichapisha majaribio ambamo watu walisimama au kulala juu ya jukwaa linalotikiswa, kisha wakasema wanachokisikia. Majibu yakapangwa kwa ngazi, kuanzia mtikisiko usiosikika hadi ule unaoumiza. Injini za viwandani na malori yalikuwa yanatikisa sakafu za watu mijini, na ilibidi ijulikane mwisho wa uvumilivu uko wapi. Mtu aliyekuwa juu ya jukwaa lile alikuwa kipimo cha kusema ndiyo au hapana. Hakuna aliyeuliza nini kinaendelea ndani yake.

Ndege ndizo zilizolazimisha swali hilo. Tarehe 13 Januari 1942 rubani Mjerumani Helmut Schenk alirushwa nje ya ndege yake aina ya Heinkel He 280 iliyokuwa imeganda barafu, na akawa mtu wa kwanza kuokolewa na kiti cha kumrusha rubani. Tarehe 24 Julai 1946 Bernard Lynch, fundi wa kampuni ya Martin-Baker ya Uingereza, alirushwa kwa makusudi kutoka kwenye ndege aina ya Meteor ili kuthibitisha kwamba kiti cha kampuni yake kinafanya kazi. Viti vilifanya kazi, lakini baadhi ya marubani walitua wakiwa hai na pingili za mgongo zimepasuka. Ilibidi pawepo hesabu ya kusema mapema msukumo gani utavunja uti na upi hautauvunja.

Hesabu iliyoshinda ilikuwa nyepesi kiasi cha kushangaza. Peter Payne na wenzake Marekani walimfanya rubani kuwa kizito kimoja kilichokaa juu ya springi moja na shokapu moja. Springi yenyewe ilipewa mdundo wake wa asili, kama mitikisiko 8 kwa sekunde. Ilitosha kabisa kwa kazi yake, na viti vya ndege za kivita vilipimwa kwa hesabu hiyo kwa miongo kadhaa. Katika picha hiyo hakuna kichwa. Hakuna shingo.

Wakati huohuo, katika kambi ya Wright-Patterson jimboni Ohio, walikuwepo wanasayansi waliotoka Ujerumani. Mmoja wao, Henning von Gierke, alikuwa miongoni mwa wale Marekani iliowachukua baada ya vita. Yeye na Rolf Coermann waliwaketisha vijana kwenye meza ya mtikisiko na kupima nguvu ambayo mwili unairudisha kwenye kiti. Katika matokeo ya Coermann ya 1962 kulikuwa na kilima kinachoonekana wazi: mtu aliyeketi akitikiswa wima mara 5 hivi kwa sekunde, mwili mzima unaitikia kwa nguvu kuliko mdundo mwingine wowote. Ni kama bembea inayosukumwa kwa wakati wake. Kiti kinapanda kidogo, kifua na kichwa vinapanda zaidi ya kiti. Na mdundo huo wa Hezi 4 hadi 6, yaani mara 4 hadi 6 kwa sekunde, kwa bahati mbaya, ndio trekta na lori kwenye barabara mbovu hupenda kuutoa.

Kutoka Wright-Patterson ulitoka pia mchoro ambao wanafunzi wa uhandisi duniani kote wameuona: mtu aliyechorwa kwa vizito na springi, kichwa kizito kimoja, kifua kingine, tumbo jingine, mikono na miguu imening'inia kwa springi zake. Mchoro ni mzuri, unaeleweka kwa kutazama mara moja, na bila shaka umesaidia. Lakini makala ambayo Coermann, von Gierke na wenzao waliitoa mwaka 1960 ilikuwa imetangaza tangu kwenye kichwa chake kwamba inahusu mwili usiojitendea, mwili kama kitu. Yalikuwa makubaliano ya kurahisisha kazi, na waliokuja baadaye wakayachukua kama maelezo ya mtu. Kosa lilianzia hapo.

Halafu ukaja mwezi Agosti 1965. Roketi ya Titan II ilikuwa na ugonjwa wake: mafuta yakitiririka bombani yalikuwa yakigongana na mtikisiko wa mwili wa roketi, na yote mawili yakaongezana nguvu, kama mara 11 kwa sekunde. NASA ilikuwa imeshawapima watu na kuamua kwamba mwanaanga asipate zaidi ya robo ya nguvu ya uvutano wa dunia, maana kupita hapo hawezi kusoma vyombo vyake sawasawa. Chombo cha Gemini 5 kilipopaa juu ya roketi hiyo kikiwa na Gordon Cooper na Pete Conrad, kipimo kilipanda hadi 0.38 kwa sekunde chache. Kiti kilikuwa imara, mikanda imefungwa, mifupa mizima, ila kichwa hakikutulia kiasi cha macho kufanya kazi yake. Zaidi ya miaka 40 baadaye, roketi iliyopangwa ya Ares I ilipoonekana ina mtikisiko wa Hezi 12, wataalamu wa NASA walijaribu hata kuifanya taa ya skrini iwake na kuzima kwa mdundo uleule wa kiti, ili herufi zionekane zimesimama mbele ya macho yanayotikisika.

Kwa hiyo kichwa chenyewe kilipaswa kupimwa. Tatizo lilikuwa la kijinga na gumu: kifungwe wapi kipimo? Kibandike kwenye paji la uso, ngozi itateleza juu ya fuvu na kipimo kitasoma mchezo wa ngozi. Kivalishe kofia, nywele zitafanya vivyo hivyo. Kwa mtu aliye hai kuna sehemu moja tu ngumu iliyoshikamana na fuvu na iliyo wazi, nayo ni meno.

Maabara ya jeshi la majini la Marekani mjini New Orleans, walipofanya kazi Channing Ewing na Daniel Thomas kuanzia miaka ya 1970, ilimtengenezea kila kijana wa kujitolea kibao cha mdomoni kilichomiminwa kwa umbo la meno yake mwenyewe. Kipimo kingine kilifungwa mgongoni, juu ya pingili ya kwanza ya kifua, pale shingo inapoanzia. Kisha wakarushwa kwenye reli, mbele na kando, na tofauti kati ya vipimo viwili ikawa ndiyo kazi ya shingo. Hadi leo anayeunda modeli ya shingo hulinganisha hesabu yake na mistari iliyotolewa na vijana wale. Walikuwa wanaume, wanajeshi, wenye afya, na hilo lina gharama yake, kwa kuwa majeraha ya shingo katika magari yanayogongwa kwa nyuma huwapata wanawake zaidi.

Katika Chuo Kikuu cha Southampton, Uingereza, njia ilikuwa ileile ila kazi ilikuwa ya taratibu zaidi. Taasisi yake ya sauti na mtikisiko ilianzishwa 1963, na Michael Griffin akaitumikia kwa miongo mingi. Kitabu chake cha 1990 kuhusu mtikisiko na binadamu bado kiko mezani kwa wengi. Mwaka 1988 yeye na Gurmail Paddan walitoa makala mbili kuhusu namna mtikisiko wa kiti unavyofika kichwani. Mtu anaketi kwenye jukwaa, anauma kifimbo chepesi cha chuma kilichobeba vipima mchapuko, na jukwaa linaanza. Kifimbo kinatokeza nje ya midomo kama mswaki uliosahaulika. Asikiume kwa nguvu mno, taya likakakamaa na kuibadili shingo; asikilegeze, kikacheza. Mate yanajaa mdomoni, hawezi kuongea, na anaambiwa atulie, atazame mbele.

Vifimbo hivyo ndivyo vilivyoonyesha waziwazi kwamba kichwa kinaitikia ndiyo. Kiti kilitikiswa upande mmoja, kichwa kikajibu kwa kuinama, kuinuka na kugeuka kwa pande sita. Mtu huyohuyo akiegemea mgongo wa kiti alitoa jibu moja, akijitoa kwenye egemeo alitoa jingine. Na watu wawili walitofautiana kuliko springi mbili zozote zilizotoka kiwanda kimoja.

Mwaka 1989 Thomas Fairley na Griffin waliketisha watu 60, wanaume 24, wanawake 24 na watoto 12, jambo ambalo halikuwa la kawaida katika fani iliyozoea askari. Kilima cha Hezi 5 kilijitokeza kwa wote. Walipoongeza nguvu ya mtikisiko kwa baadhi yao, kilima hicho kikateremka kutoka karibu Hezi 6 hadi karibu Hezi 4. Springi ya chuma ya kawaida haifanyi hivyo. Mwili ulikuwa unalainika kadiri unavyotikiswa.

Sheria hazikusubiri fumbo hili liishe. Kiwango cha kimataifa cha ISO 2631 kilikuwa kimetoka tangu 1974, kikiwa na mistari ya mwisho wa starehe, mwisho wa ufanisi na mwisho wa usalama kwa saa za kazi. Toleo la 1997 likaiondoa mistari hiyo. Agizo la Umoja wa Ulaya la 2002 likaweka kikomo cha mchapuko wa mita 1.15 kwa sekunde mraba kwa siku ya saa 8, na hatua za kumlinda mfanyakazi zianze kwenye 0.5. Dereva wa trekta amefaidika. Lakini kipimo chenyewe huchukuliwa kitini, chini ya makalio. Shingo inabaki ya kukisiwa.

Jibu la kwa nini shingo inabadilika lilitoka kwa watu ambao hawakuwa wanaunda viti. Emily Keshner na Barry Peterson, Marekani, walikuwa wanauliza jinsi ubongo unavyokituliza kichwa. Shingo ina vyanzo viwili vya habari vinavyofanya kazi bila kusubiri akili: viungo vya usawa vilivyomo ndani ya sikio, vinavyosema kichwa kimeelekea wapi, na vihisio ndani ya misuli ya shingo, vinavyosema imenyooshwa kiasi gani. Mwaka 1996 Peterson na wenzake waliviandika vyote viwili kwa hesabu. Mwaka huohuo, mjini Eindhoven, Mart de Jager alimaliza tasnifu yenye shingo iliyojengwa pingili kwa pingili, zote 7, pamoja na kano na misuli yake, ingawa kwa ajili ya ajali za magari. Pande mbili zilikuwa zinachimba handaki moja kutoka milango miwili.

Walikutana Delft, Uholanzi. Patrick Forbes, Riender Happee na wenzao, katika kazi waliyoitoa 2013, waliwafunga watu kifua kwenye kiti, wakakitikisa mbele na nyuma kwa mchanganyiko wa midundo isiyotabirika, wakapima kichwa na umeme wa misuli kwa pamoja. Walipotikisa polepole tu, misuli ilipambana na kila msukumo, na kichwa kikatulia. Walipochanganya midundo ya haraka, shingo ilipunguza mapambano yake yenyewe. Sababu iko kwenye saa. Habari kutoka sikioni hadi kwenye misuli, na misuli yenyewe kukaza, huchukua sehemu ya sekunde. Mtikisiko ukiwa wa polepole, amri inafika kwa wakati. Ukiwa wa haraka, amri inafika wakati kichwa kimeshageuza mwelekeo, na misuli ingekisukuma kule kinakokwenda. Shingo inalijua hilo bila mwenyewe kulijua, na inajizuia. Katika historia nzima ya fani hii sidhani kuna tokeo zuri kuliko hili.

Mzigo juu ya kichwa huongeza ugumu. Rotori ya helikopta ya Black Hawk huzunguka mara 258 kwa dakika, na kwa kuwa ina mapanga manne, rubani hupigwa na mtikisiko wa Hezi 17 hivi muda wote wa safari, juu ya kichwa chake pakiwa na kofia ngumu na miwani ya usiku iliyoning'inia mbele, upande uleule ambao kichwa kilikuwa tayari kinaelemea. Hapa, Kenya ina mahali pake halali katika hadithi. Mwaka 1986 Geoffrey Maloiy wa Chuo Kikuu cha Nairobi na wenzake walichapisha katika jarida la Nature vipimo vya wanawake wa Kijaluo wanaobeba kichwani na wa Kikuyu wanaobeba mgongoni kwa ukanda unaopita kwenye paji la uso. Walibeba hadi asilimia 20 ya uzito wa miili yao bila kutumia hewa ya oksijeni zaidi ya waliotembea mikono mitupu. Baadaye Norman Heglund na wenzake walieleza kwamba siri iko katika mwendo, unaofanana na wa pendula. Vipimo hivyo havikuhusu viti wala mitambo. Ila mwanamke anayeteremka na ndoo ya maji isiyomwagika ametatua kwa mazoezi ya utotoni tatizo ambalo maabara zilikuwa zinalikimbilia na mashine za mamilioni: uzito juu, msukumo kutoka chini, shingo katikati inayofanya kazi bila kuonekana.

Katika Chuo Kikuu cha Iowa, Salam Rahmatalla na wanafunzi wake wamekiondoa kile kifimbo cha kuuma kwa kutumia vidoti vinavyong'aa na kamera nyingi, na wakaanza kuuliza juu ya mikao ambayo fani ilikuwa imeiruka. Dereva halisi hatazami mbele siku nzima. Anainama kusoma chombo, anageuka kutazama jembe nyuma ya trekta, na shingo iliyogeuzwa ina springi nyingine na misuli mingine kazini. Modeli zao za mwaka 2013 zilibeba mikao hiyo pamoja.

Kisha wakamlaza mtu chali. Waliojitolea walifungwa kama majeruhi wa ajali, kola shingoni, ubao mgumu mgongoni, mikanda kifuani na kwenye paji la uso, juu ya jukwaa linaloiga gari la wagonjwa likiwa barabarani. Ubao mgumu hauuzimi mtikisiko. Unaupitisha, na kinachotafutwa ni kiasi gani kichwa na kifua vinaachana njiani, kwa sababu pingili iliyovunjika inaumizwa na tofauti hiyo. Waliojitolea, hata hivyo, wana jambo moja ambalo majeruhi aliyezimia hana. Wamelala macho, na misuli yao ya shingo inaendelea kujibu kila rasta. Ya aliyezimia imeachia, kama ya abiria aliyesinzia, ila hakuna kinachomshtua akanyanyuka. Kwake yeye ule mchoro wa vizito na springi unaanza kuwa kweli, na yeye ndiye ambaye hakuna maabara inayoweza kumketisha kitini ikampa kifimbo cha kuuma.